“Mama, chenga ziko machoni kwako”

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

TV nilinunua mvua zilipoanza, kwenye duka moja la vifaa vya umeme hapa Mwanza mjini. Inchi 43, fedha ya kikoba tulipovunja. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, alfajiri niko kwenye magunia, kwa hiyo mtanielewa nikisema kila shilingi ya TV ile naijua ilikotoka. Nyumbani tulikuwa na TV ya chogo. Imezeeka, ina doa la kijani pembeni, lakini picha yake ilikuwa imetulia. Hilo mlikumbuke.

Waliniambia kufunga ni bure. Kijana wa dukani akaja na bajaji, akaitundika ukutani, akachomeka king'amuzi, picha ikatoka, akaondoka. Ilipofika taarifa ya habari ya saa mbili usiku ndipo nikaona. Chenga. Si zile nyeupe za zamani zilizokuwa zinamwagika kama mchele. Hizi ni ndogondogo na zinachemka. Mtangazaji ametulia, mashavu yake yanatembea. Maandishi yanayopita chini yamezungukwa na vinukta vinavyorukaruka, kama wale wadudu wa ziwani wanavyoivamia taa ya barazani. Mpira ndio usiseme, uwanja mzima unachemka kama dagaa kwenye karai.

Jirani akasema ni antena. Fundi akapanda juu ya bati, akaizungusha, akachukua elfu kumi na tano yake, chenga zikabaki palepale. Leo ninajua kwa nini, na naliandika hapa ili mwingine asiliwe kama mimi. Tangu mitambo ya analojia izimwe hapa Mwanza mwaka 2013, antena mbovu haileti tena chenga. Mawimbi ya dijitali yakiwa hafifu picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, sauti inakwama, mwisho kioo kinabaki cheusi. Ukiona picha haikatiki lakini inachemka, usimpandishe mtu kwenye bati.

Nikarudi dukani na risiti, na video niliyoirekodi kwa simu. Kijana wa kaunta, ambaye kwa umri ni wa kuniamkia shikamoo, simu yangu hata hakuiangalia. Akachukua flashi, akaichomeka kwenye TV kama yangu iliyokuwa ukutani. Ikatoka ile video yao ya matunda na samaki wa rangi, tone la maji linadondoka polepole juu ya jani. Akaniuliza, “Unaona chenga hapo?” Nikasema sioni. “Basi mama, chenga ziko machoni kwako. Panda hapo Bugando wakupime.”

Wateja wawili wakacheka.

Macho haya. Macho haya ndiyo yanayotenganisha dagaa wa kwenye mchanga na dagaa wa kwenye chanja, gunia likiwa bado halijashushwa. Watu wanatoka mbali kuja kuniomba niwachagulie kwa macho haya. Nilitoka pale nikapanda daladala bila kuuliza inaenda wapi, nikashtukia niko Buzuruga.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja fundi kutoka Igoma. Alipoingia akanisalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka mayu,” akaomba nimwelezee tatizo, akanisikiliza mpaka nikamaliza. TV hakuigusa. Aliinama akamulika nyuma kwa tochi ya simu, akatoa waya wenye vichwa vitatu: njano, nyekundu, nyeupe. “Nani alikufungia hivi?” Nikamwambia ni wale wale wa dukani.

Akanieleza taratibu. Ule waya wa njano ni wa enzi za TV za chogo. Picha yote inapita humo kwenye mkondo mmoja, rangi na mwanga vimechanganyika, na haiwezi kuzidi mistari 576. Kioo changu kina mistari 1080. Yaani nukta kama laki nne zinavutwa kujaza nafasi ya nukta zaidi ya milioni mbili, na kila kasoro inavutwa pamoja nazo. Kwenye chogo kasoro zilikuwepo zilezile, ila kioo kilikuwa kidogo na hakina makali, hazikuonekana. Akachomeka waya wa HDMI, ule wa kupitisha picha ya dijitali, wa elfu kumi. Tundu lake lilikuwepo kwenye king'amuzi muda wote, bado lina karatasi ya kiwandani.

Chenga zikapungua, hazikuisha. Akashika rimoti, akaingia kwenye mipangilio ya picha, akakuta TV iko kwenye ile hali ya dukani ya rangi kali, na ukali wa picha umepandishwa mpaka karibu na mwisho. Akaanza kuushusha. Nilikuwa nimesimama karibu na kioo, na uso wa yule mama aliyekuwa anahojiwa ukawa unatulia mbele yangu kadiri namba inavyoshuka, mpaka nikaona kipini chake cha puani. Ukali ukizidi, alisema, TV inazichonga hata chenga zenyewe, inadhani ni sehemu ya picha. Kuna pia mahali pa kupunguza chenga, akapaweka chini, maana ukipazidisha nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta ya mgando.

Vinukta vya kwenye maandishi bado vipo kwenye baadhi ya chaneli. Hizo zinabanwa zikiwa nyingi kwenye masafa mamoja, na picha iliyobanwa sana inavunjika ikikutana na mpira au mawimbi ya ziwa. Hapo mwenye TV hana la kufanya. Na filamu za zamani zilizopigwa kwa mkanda zina chembechembe zake humohumo kwenye mkanda. Hizo nimezipenda, zina uhai wake.

Kwa hiyo TV ni nzuri. Nilitaka kuandika msiinunue, lakini jana usiku nimeangalia mechi nzima na nyasi zilikuwa nyasi. Nyota nne kwa TV. Tatizo nikikumbuka vile vicheko nataka kuzifuta zote, maana yule kijana wa kaunta alikuwa anajua. Flashi yake haipiti kwenye waya wa njano, na video yake imetengenezwa isiwe na chenga hata moja. Hakukosa ujuzi, alikosa adabu. Au labda kweli hakujua, na hapo mimi ndiye namwonea. Sijui tena. Angeniuliza swali moja tu, “Mama, umefungiwa kwa waya gani?”, nisingekuwa naandika haya.

Mkiingia duka lolote, ombeni TV mnayoitaka ichomekwe king'amuzi cha kawaida, iwekwe taarifa ya habari, si matunda. Wakikataa, ondokeni.

Risiti ya ule waya wa elfu kumi ninayo. Jumamosi nikitoka Mwaloni napita kuiweka pale kaunta, na safari hii yule kijana wa Igoma amesema tutakwenda wote.