Mwaka mmoja wa intanshipu kiwanda cha soda: uzoefu wangu

Nimemaliza mwezi uliopita, miezi 12 kamili kwenye kiwanda kikubwa cha soda hapa Dar. Kila wiki kuna mdogo wangu wa chuo ananipigia: "Kaka, vipi kule, niombe?" Sasa naandika mara moja, yatoshe. Jina la kampuni sitalitaja. Jibu langu: omba, lakini ukifika mwezi wa saba fungua macho.

Tuanze na fedha, maana ndiyo inayowatoa watu njiani. Posho yangu ilikuwa 150,000 kwa mwezi. Haikatwi kodi, kwa sababu kodi ya mshahara huanza ukivuka 270,000, ila hilo si la kushangilia. Naishi Gongo la Mboto, nabadilisha daladala, kwa hiyo kwenda na kurudi ni safari nne za 600 kila moja. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 ni 62,400. Chakula cha kantini ni bure, wali na maharage ya kueleweka, na ukiwa shifti ya usiku basi la kampuni linakuchukua. Mwenye kupanga chumba apige hesabu zake mapema. Mimi nilikuwa kwa dada, na bado kuna wiki nilikopa nauli kwa shemeji.

Siku ya kwanza ni usalama tu: buti, ovaroli, kofia ngumu, plagi za masikio. Plagi nilizidharau siku mbili. Maelfu ya chupa za kioo yakigongana kwenye laini ya uzalishaji kutwa nzima, ukilala unayasikia ndani ya mto.

Kisha wakanitupa stoo. Miezi miwili nahesabu beringi na mikanda, mimi na digrii yangu ya uhandisi mitambo. Nilinuna, sifichi. Kumbe ndiyo ilinifanya baadaye nijue kipuri gani kipo rafu ipi kabla fundi hajamaliza sentensi.

Utamu ulianza mwezi wa tatu, Laini ya Pili. Pale kuna fundi mmoja mzee, hana digrii, ana miaka mingi kwenye mashine zilezile. Intani yeyote kwake ni "Injinia", na ukimsikia anavyolitamka unajua hajakupa cheo bado. Usiku mmoja mashine ya kujaza ikaanza kutoa povu. Chupa zinajaa, zinafoka, zinafika kwenye vizibo zikiwa nusu. Zinakataliwa, kreti za chupa mbovu zinapanda hadi kiunoni. Mimi mbio kwenye skrini: presha ya gesi sawa, baridi ya soda sawa, kila kitu kijani. Nikaanza kueleza kwamba huenda vali za kujazia zimechoka, labda tubadilishe seti nzima.

Mzee hakujibu. Alikwenda kwenye mkanda unaotoka mashine ya kuosha, akachukua chupa tupu, akanibandika shavuni. Ya moto.

Chupa zinazorudi kutoka mitaani huoshwa kwa maji yenye joto kali na kostiki, kemikali kali ya kusafishia, halafu zinapita hatua kadhaa za kusuuzwa, kila moja ya baridi kuliko iliyotangulia, ili zifike kwenye kujazwa zikiwa zimepoa. Soda ya baridi ikiingia kwenye kioo cha moto, gesi haikai, inakimbia na povu. Tukasimamisha laini, tukafungua sehemu ya mwisho ya kusuuzia. Vitundu vya kupulizia maji vilikuwa vimeziba, na kilichoviziba ni vipande vya mirija. Ile mirija tunayosukuma ndani ya chupa tukimaliza soda dukani! Dakika 40 tukazibua kwa waya. "Injinia," akasema, "skrini inaonyesha ilipowekwa kihisio. Pale hakipo." Tangu usiku ule sijawahi kuacha mrija ndani ya chupa, na nawagombeza watu wasionijua.

Kama ni alama, miezi ya laini naipa 9 kwa 10.

Sasa yaliyoniudhi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inataka walau miaka mitatu ya kazi ya vitendo kabla ya kukusajili kuwa mhandisi mtaalamu, na taarifa zako zinahitaji sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa. Msimamizi niliyepangiwa hakuwa amesajiliwa. Mtu mzuri, anajua kazi, lakini sahihi yake haikunisaidia. Niligundua mwezi wa tano, nikahangaika hadi nikampata mhandisi wa idara ya boila aliyekubali kunisimamia, na miezi iliyopita haikurudi. Kwa hiyo swali lako la kwanza siku unapokea barua liwe hilo: nani atanisainia, na amesajiliwa?

La pili ni zito zaidi. Mwezi wa nane fundi mmoja wa shifti aliacha kazi. Wiki iliyofuata nikaona jina langu kwenye ratiba, kwenye mstari wake. Mwanzo nilivimba kichwa, nikaipiga picha nikamtumia mama. Wiki zikapita, nafasi haikutangazwa. Nabeba shifti peke yangu, mashine ikilala naulizwa mimi, na mwisho wa mwezi inaingia 150,000 ileile. Nilipouliza rasilimali watu nikaambiwa hiyo ni "fursa ya kujifunza". Sawa, lakini kutoka hapo sikuwa na wa kunifundisha. Mzee alikuwa shifti nyingine, tunapishana getini saa kumi na mbili, ananiuliza tu, "Zimepoa?" Miezi hiyo naipa 4, na ningeweza kurudi nyuma ningeomba kuhamishiwa boila siku ileile nilipoona jina.

Ajira hawakunipa, wala hawakuniahidi, kwa hiyo hapo sina neno. Cheti kilitoka ndani ya wiki mbili. Siku ya mwisho stoo wakapokea ovaroli, kofia na kitambulisho, wakavitia tiki kwenye karatasi. Buti wakazitazama, soli imekwisha upande mmoja, wakaniambia nenda nazo.