Bandeji iliyofunguliwa kabla ya siku yake

Sikuwa na nia ya kuandika habari za kliniki hii, lakini kila ninapojitazama kwenye kioo na kuliona bonde lililobaki kwenye panja langu la kushoto, hasira hunipanda upya.

Mimi ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa Ukerewe. Saratani ya ngozi niliondolewa katika hospitali moja kubwa hapa Mwanza, na upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Daktari aliketi nami akanieleza kwamba kiraka cha ngozi kilichochunwa pajani ili kuziba kidonda cha panja hakiji na damu yake; siku mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda kinachokilalia, ndipo mishipa midogo inapoanza kuungana nacho, na kikisogezwa katika siku hizo, au damu ikikusanyika chini yake, hufa. Ndiyo sababu alikigandamiza kwa furushi la bandeji lililoshonewa kwa nyuzi, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: LISIFUNGULIWE KABLA YA SIKU YA 6.

Siku ya tatu nilikwenda kliniki ya jirani ili nisafishiwe kidonda cha pajani tu, ambacho kusema kweli kiliniuma kuliko cha panja. Muuguzi hakuigusa karatasi yangu. “Baba, hii imelowa damu, unataka ikuozee?” Kabla sijamaliza kusema “Sista, subiri,” mkasi ulikuwa umekwisha kupita kwenye nyuzi, na alipovuta, ukingo wa kiraka ulinyanyuka pamoja na bandeji kama ganda la kitunguu. Nilipomwomba ampigie daktari wangu simu, alinijibu kwamba mimi si mgonjwa wake wa kwanza na foleni ni ndefu.

Baada ya siku chache sehemu ya kiraka ikawa nyeusi. Nawapa nyota moja, nayo ni ya mlinzi aliyenitafutia bajaji.

Pengine ninamwonea yule muuguzi. Daktari aliponihoji nilikiri kwamba sikuwa nimeacha sigara, naye akasema moshi huo hubana mishipa ile ile midogo inayotakiwa kukilisha kiraka. Basi labda nyota mbili. Lakini mbona upande ambao haukunyanyuliwa ulishika vizuri, ilhali sigara nilivuta kwa ajili ya pande zote mbili? Hapana, hata ile moja naifuta. Shilingi 15,000 zangu walizichukua zote, na risiti ninayo.