Uzoefu wangu: kutazama ndege Ziwa Manyara na mashamba ya Mto wa Mbu

Watu wengi Manyara wanapita tu. Wanaingia asubuhi, wanamtafuta simba wa juu ya mti, mchana wako njiani kwenda Ngorongoro. Kwa anayependa ndege, hiyo ni hasara. Hifadhi hii iliyobanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa na ziwa la magadi ina karibu aina 400 za ndege, na wengi utawaona kwa kusimama mahali pamoja na kutulia.

Kutulia ndiko kulikonisumbua mwanzoni. Gari nililokodi Arusha lilikuja na dereva hodari wa barabara lakini hana subira kabisa. Nikimwomba tusimame, ananiuliza, "Kuna nini hapo, kaka?" na injini hazimi. Kesho yake nikamwongeza kijana wa Mto wa Mbu, mji mdogo ulio jirani na lango la hifadhi, anayewatambua ndege kwa sauti, na safari ikabadilika.

Ukipita lango tu unaingia msituni. Maji ya nyanda za juu za Ngorongoro hupenya kwenye miamba ya volkano na kutokea chini ya ukuta kama chemchemi, ndiyo maana mikuyu ya hapa ni kijani hata kiangazi. Huu ndio ufalme wa hondohondo. Mabawa yake unayasikia kabla hujamwona. Kijana akanyoosha kidole: dume, ana pembe kubwa ya rangi ya krimu juu ya mdomo, amejishikiza kwenye shina lenye ufa mwembamba. Akawa anacheua matunda kutoka kooni, moja baada ya jingine, na kuyapitisha ufani. Jike yumo ndani, kajiziba kwa udongo na mayai au makinda yake, na chakula chote anakitegemea kwa yule wa nje. Tulikaa hapo hadi dume akaondoka. Hata dereva safari hii alizima gari mwenyewe.

Humo humo msituni kuna daraja la kamba la kutembelea juu ya miti, urefu wa takribani mita 370, na sehemu za juu kabisa hufika mita 18 kutoka ardhini. Lina malipo yake ya ziada, na nashauri ulipe, kwa sababu ndege wa vileleni unakuwa nao usawa wa macho. Nenda mapema kabla makundi hayajafika, maana kelele zikianza hutaona kitu.

Ziwani, usikubali mtu akuuzie safari kwa ahadi ya maelfu ya heroe (flamingo) mwaka mzima. Heroe mdogo anakula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Mvua kubwa zikijaza ziwa, ukali wa maji unapungua, mwani nao unapungua, heroe wanahamia kwingine. Mimi niliwaona kwa mbali, mstari wa waridi tu, na bila darubini nisingeambulia chochote. Waliokuwa karibu ni mwari, korongo, na domomwiko waliokuwa wakipepeta maji kushoto na kulia kwa midomo yao bapa. Sikujutia hata kidogo.

Kilichonishangaza zaidi kiko nje ya hifadhi. Mto wa Mbu wana majaruba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji, na kwa baiskeli unayafikia kirahisi. Yangeyange na kwarara wamejaa. Juu ya mfereji mmoja mdiria wa madoa meusi na meupe alisimama hewani akipigapiga mabawa, kichwa hakitikisiki, kisha akajitupa majini. Tuta ni njia ya mwenye shamba, kwa hiyo salimia na uombe ruhusa. Mzee mmoja aliitikia shikamoo yetu, akatuonyesha vijana wanaoamia kwelea kwa kupiga madebe: "Nyie mnawafuata kwa darubini, wanangu, sisi wanatumalizia mpunga." Ana haki, na ni vizuri mgeni ayasikie hayo pia.

Kama unaweza kuchagua, njoo kati ya Novemba na Februari, ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wakiwa wamefika na masika bado. Machi hadi Mei matope ni mengi na njia za kando ya ziwa huweza kufungwa. Asiye na gari apande Noah au Coaster za Karatu kutoka Arusha, ashuke Mto wa Mbu. Ni takribani kilomita 120, lami tupu. Kuingia hifadhini lazima gari, ila majaruba hayahitaji. Beba kitambulisho ulipe kiingilio cha raia.

Kuhusu mwongozaji, elewaneni bei kabla ya kuondoka, na mwulize kwanza ndege gani amewaona wiki hii na wapi. Anayewajua atakujibu papo hapo, mti kwa mti.