Uzoefu wangu: smartctl na badblocks kabla ya kuiamini hata diski mpya

Kazi yangu ni video za harusi hapa Dar. Mteja huwezi kumwambia diski imekufa akakuelewa, kwa sababu ndoa haifungwi upya ili wewe urekodi tena. Kwa hiyo hata diski mpya haiwekwi faili ya mtu mpaka ipite kwenye programu mbili za bure za Linux, smartctl na badblocks. Nimezitumia vya kutosha kuzisifu na kuzilalamikia.

Naanza na smartctl kwa kuwa haimalizi hata dakika. Amri ya `smartctl -a /dev/sdb` inamwaga jedwali refu la SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, ila mimi naangalia mstari wa 9, yaani saa ambazo diski imewahi kuwashwa, halafu 5, 197 na 198: sekta zilizohamishwa, zinazotiliwa shaka, na zilizogoma kusomeka. Diski mpya inatakiwa kuwa na sifuri kwenye hizo tatu, na saa zake ziwe za kuhesabu kwa vidole. Ukikuta maelfu ya saa, huo ni mtumba, hata kama sili umeikata mwenyewe.

Na namba hizo hufutika. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika kwamba diski za Seagate zilizokwisha fanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, SMART yake ikiwa imesafishwa. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo smartctl kuanzia toleo la 7.4 huisoma kwa `-l farm`. Saa za huku na za kule zikipishana, rudisha diski.

Sasa badblocks, ambayo ndiyo mateso yenyewe. `badblocks -wsv -b 4096 /dev/sdb` huijaza diski nzima kwa mchoro mmoja wa data, ikaisoma yote kuhakiki, kisha mchoro wa pili, wa tatu, wa nne. Hiyo ni kuandika mara nne na kusoma mara nne. Diski ya terabaiti 4 kwenye USB 3 huchukua karibu siku tatu. Kwenye tundu la USB 2 inapita wiki, usijaribu. Na `-w` inafuta kila kitu bila huruma, hivyo piga `lsblk` kwanza ujue sdb ni ipi.

Muda wote huo unatazama mstari mmoja tu: asilimia, saa, na mwishoni `(0/0/0 errors)`, yaani makosa ya kusoma, ya kuandika, na ya data kutofanana. Kuna diski moja niliyoinunua Kariakoo ilikwenda vizuri mchoro wa kwanza. Kwenye wa pili asilimia ikaganda, diski ikaanza kugonga tik-tik, ile sifuri ya kwanza ikawa 1, halafu zikafuatana. SMART namba 197, iliyokuwa sifuri asubuhi, ikasoma 8, kisha 24. Niliporudi dukani yule kijana akaniambia, "Bosi wangu, mbona inafunguka vizuri tu?" Na kweli ilifunguka. Nikamwonyesha jedwali la kabla na la baada, akaibadilisha bila ubishi. Utafiti wa Google wa 2007 ulikuta kwamba diski ikishatoa kosa lake la kwanza la uskani (yaani inapojikagua yenyewe), uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Mimi hata 8 siivumilii.

Malalamiko yangu ni umeme. Ukikatika, badblocks haijui kuendelea ilipoishia. Lazima uipe mwenyewe mchoro na namba ya bloku, au uanze upya. Betri ya laptopu haisaidii ikiwa diski ni ile kubwa yenye adapta yake. Bila UPS au inveta, subira itakuishia. Joto nalo: elekeza feni kwenye diski, nyuzi zisipite 50. Vilevile kesi nyingine za USB huificha SMART mpaka uongeze `-d sat`, na namba 199 (makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta) ikipanda, badilisha kebo kabla hujailaumu diski.

Diski ikipita, namalizia na `smartctl -t long`, yaani jaribio refu la diski kujikagua yenyewe, nalinganisha jedwali, ndipo naikabidhi harusi. Nakala ya pili inabaki kwenye diski nyingine vilevile, maana jaribio hili hukamata diski mbovu za kuzaliwa tu, siyo itakayoanguka mezani mwakani.

SSD siifanyii hivi, kuiandika yote mara nne ni kuila maisha bure. Flashi za "terabaiti 2" za bei ya chakula cha mchana nazipeleka kwa programu ya f3: f3write inajaza, f3read inasoma, na ujazo wa kweli unajulikana hapo hapo.