Uzoefu wangu na hema jepesi la mtu mmoja, kutoka ukungu wa Chyulu hadi jalidi ya Mlima Kenya

Hema langu la kwanza liliharibikia kabatini, nyumbani kwangu Mombasa. Nilikuwa nimelikunja likiwa na unyevu kidogo baada ya safari ya Desemba, nikaliweka juu ya masanduku nikiamini limekauka, na nilipolifungua mwezi wa Mei sakafu yake ilikuwa inanata kama ulimbo na kutoa harufu ya uchachu iliyojaa chumba kizima. Utando wa poliurethani unaopakwa kwenye mahema mengi ili yazuie maji huvunjwavunjwa na mvuke, na joto huharakisha uharibifu huo, kwa hiyo mtu anayeishi pwani anaweza kulipoteza hema lake akiwa amelihifadhi tu. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililoongoza uchaguzi wangu wa pili, na kwa sababu tathmini nyingi nilizosoma ziliandikwa na watu wa nchi za baridi ambao hawana haja kubwa ya kulifikiria.

Hema ninalolieleza hapa ni la mtu mmoja, lenye kuta mbili, linalosimamishwa kwa fimbo moja ya kutembelea badala ya fito zake lenyewe. Nimelitumia kwa miezi 14, jumla ya usiku 23, katika vilima vya Chyulu, safu ya Aberdare na Mlima Kenya. Nililinunua kwa fedha zangu, shilingi 31,000 za Kenya pamoja na gharama za kulisafirisha.

Lebo yake inasema gramu 890. Nilipolipima kwa mizani ya jikoni pamoja na vigingi kumi, kamba zote, mfuko wake na tandiko la chini, nilipata gramu 1,240. Watengenezaji wengi huandika uzito wa kuta na sakafu peke yake, na wengine huhesabu vigingi vichache kuliko vile ambavyo upepo wa mlimani hudai, hivyo ni vyema mnunuzi alinganishe uzito wa vitu vyote atakavyovipandisha mgongoni. Asiyetembea na fimbo atalazimika pia kununua mlingoti. Hata hivyo, kwangu mimi niliyekuwa nikibeba hema la kuba la kilo 3.4, tofauti ya zaidi ya kilo mbili niliihisi magotini siku ya kwanza, na bado naihisi kila ninaposhuka mteremko.

Turubai tupu lingekuwa jepesi zaidi, na nalitamani kila ninapofunga shanta, ila juu ya mstari wa miti mvua huja ikisukumwa na upepo kutoka ubavuni, na turubai halina ubavu. Kitanda cha kuning'iniza hakina mahali pa kufungwa huko juu. Ipo mimea mikubwa ya lobelia na senesio, inayokua polepole mno, na asiyeijali mimea hiyo kiasi cha kuifunga kamba sitaki kutembea naye. Lililonivutia kwa muda mrefu ni hema la ukuta mmoja la kitambaa cha Dyneema, ambacho hakinywi maji wala hakilegei kinapolowa. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hili, lakini kilichonizuia hasa ni ule ukuta mmoja.

Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na kwa ngozi. Kitambaa chembamba kinapotazama anga lisilo na mawingu hupoa haraka, mara nyingi kikawa baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke ule ukikigusa hugeuka matone. Hakuna hema linaloepuka jambo hili, hata lile lenye matundu mengi ya hewa. Kinachotofautiana ni mahali matone yanapoangukia. Katika ukuta mmoja yanaangukia mfuko wa kulalia, na mfuko wa manyoya ya bata ukilowa hupoteza joto lake hadi uanikwe juani. Katika kuta mbili matone hubaki nje ya chumba cha kulala, kwenye nafasi iliyo kati, na aliye ndani huamka mkavu. Gharama yake ni gramu 300 hivi za ziada, na kwa milima yetu, ambayo mchana humchoma mtu na usiku humgandisha, nazilipa kwa moyo mkunjufu.

Kitambaa cha nje ni cha poliesta iliyopakwa silikoni pande zote mbili, nyuzi za denieri 20, kipimo ambacho ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya unene huo huo ni imara zaidi dhidi ya kuchanika, lakini hunywa maji na kurefuka, na aliyelala ndani yake huamka usiku wa manane akiguswa usoni na ukuta uliolegea. Poliesta hurefuka kidogo sana na huvumilia jua vizuri zaidi, jambo lenye uzito mkubwa kwenye ikweta penye mwinuko wa mita 4,000. Silikoni nayo haioneshi dalili zile za kunata zilizoliua hema langu la kwanza. Kasoro yake ni kwamba gundi ya utepe wa kuzibia mishono haishikamani nayo, kwa hiyo hema lilifika likiwa na mishono iliyo wazi. Nililazimika kulipiga juu ya paa la nyumba, kuyeyusha silikoni ya kuzibia kwa tapentaini, kuipaka kwenye kila mshono kwa brashi ndogo na kuliacha likauke siku nzima. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi moja. Muuzaji hakunitajia kabisa kwamba ingehitajika, na mtu ambaye angelibeba moja kwa moja hadi mlimani angevujiwa usiku wa kwanza.

Chyulu ndiko nilikolijaribu kwanza. Vilima vile ni vya volkeno, havina mito ya kudumu juu yake, ila ukungu mara nyingi hupanda usiku na kuacha nyasi zikiwa zimelowa kama zilizonyeshewa. Maji yanayopenya kwenye miamba ile ndiyo hububujika Mzima Springs na sehemu yake kuletwa kwa bomba hadi Mombasa. Nililala usiku mbili nikifikiri kwamba maji yanayotiririka kwenye hema langu ni ndugu wa yale ninayoyateka bombani kwangu. Ukuta wa nje ulilowa ndani na nje. Chumba cha kulala kilibaki kikavu isipokuwa upande wa miguuni, ambako mfuko wa kulalia uliusukuma ukuta wa ndani hadi ukagusana na wa nje. Nina urefu wa sentimita 181, na sakafu ina sentimita 215, lakini kuta huteremka kwa mshazari, kwa hiyo urefu unaotumika ni mdogo kuliko ulioandikwa. Mtu mwenye zaidi ya sentimita 185 asilinunue.

Mtihani wenyewe ulikuwa Mlima Kenya, mwishoni mwa Oktoba, vuli ikianza. Nilipandia njia ya Sirimon na kushukia ya Chogoria. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haimruhusu mtu kupanda mlima huu peke yake, kwa hiyo nilikuwa na kiongozi, mzee wa upande wa Nanyuki ambaye amepanda huko tangu ujana wake, naye alilala kwenye hema lake. Hema la mtu mmoja, kwa mlima kama huu, halimaanishi safari ya upweke. Linamaanisha kwamba kila mmoja anajitegemea kwa malazi yake.

Usiku wa kwanza, kwenye kambi ya Old Moses, takriban mita 3,300, mvua ilinyesha mfululizo kuanzia saa kumi alasiri hadi baada ya saa tatu usiku. Hapo niliona faida nyingine ya umbo hili: ukuta wa nje husimama kwanza, kisha chumba cha ndani hutundikwa chini yake kikiwa kikavu. Mahema mengi ya kuba hufanya kinyume, na chumba hulowa kabla paa halijafika. Baraza lake la mbele lilitosha shanta, viatu na jiko. Maji niliyachemshia pale pale barazani, mlango ukiwa wazi kabisa. Sijawahi wala sitawahi kuwasha jiko ndani ya hema lililofungwa, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu ya kumwamsha mtu.

Usiku wa pili tulikuwa kambi ya Shipton's, takriban mita 4,200, chini kabisa ya kuta za Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu. Upepo wa alasiri ulikuwa ukipanda bonde, nami nikauelekeza mgongo wa hema chini ya bonde, mlango ukitazama vilele. Mzee alisimama akanitazama nikimaliza kukaza kamba, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huu ni upepo wa mchana. Wa usiku utakuja kutoka juu, utakuingilia mlangoni." Nilimshukuru, nikang'oa vigingi vyote, nikaligeuza hema na kulisogeza hatua kama thelathini juu ya mteremko, kwa kuwa hewa baridi hutelemka na kutuama kwenye sakafu ya bonde. Ilipofika saa nne usiku upepo ulikuja kama alivyosema. Kuta zilipigapiga kwa kelele nyingi, na sidai kwamba nililala vizuri, lakini fimbo haikuyumba na hakuna kigingi kilichotoka. Vigingi vinne vya pembeni nilikuwa nimevikandamiza kwa mawe makubwa, maana udongo wa pale ni tope jepesi juu na mawe chini, na hema lisiloweza kujisimamia lenyewe hutegemea vigingi kwa uhai wake. Huo ndio udhaifu mkubwa wa aina hii ya hema. Kwenye jabali tupu hema la kuba lingesimama, na hili lisingesimama bila kutafuta mawe na kamba ndefu.

Tuliamka saa nane na nusu usiku ili tufike kilele cha Lenana alfajiri. Ndani ya ukuta wa nje kulikuwa na jalidi nyeupe, na nilipofungua zipu ilimwagika kama unga wa sembe juu ya ukuta wa ndani, ikateleza hadi chini. Mfuko wangu wa kulalia ulikuwa mkavu. Nilikaa pale kwa taa ya kichwani nikiigusa ile jalidi kwa kidole, na nafsi yangu ikaridhika na zile gramu 300 kuliko ilivyowahi kuridhika na kitu chochote nilichokinunua kwa ajili ya safari.

Kasoro nyingine nilizozikuta zilikuwa mbili. Vibana kamba vya plastiki viliteleza kamba ilipoganda, hata nikalazimika kufunga mafundo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Baadaye niliviondoa vyote na kutumia fundo la kuteleza kwenye kila kona. Zipu ya mlango wa nje nayo huuma kitambaa chembamba kilicho karibu nayo, na katika usiku wa 17 iliacha tundu dogo nililoliziba kwa silikoni. Nilimwandikia muuzaji kuhusu jambo hilo na sikujibiwa.

Ningelinunua tena, nikiwa na sharti la kupaka mishono kabla ya safari na kubeba vigingi viwili vya akiba. Anayelala zaidi kwenye miamba, au anayepanda mara moja kwa mwaka na hataki kujifunza kukaza kamba, atafaidika zaidi na hema la kujisimamia lenye uzito wa kilo 1.6 hivi. Nirudipo Mombasa sasa sikunji kitu. Hulitundika kivulini kwenye ukumbi kwa siku mbili, feni ikiwaka, nikaligeuza na kuligusa mishono kwa mgongo wa mkono, kisha nikaliacha limelegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba, juu ya kabati lile lile.