Memori kadi ya "GB 128" niliyouziwa Kariakoo, na picha za Nizwa nisizonazo

Nimesubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kifaa chenyewe ni memori kadi ya kamera, ile bapa kubwa, siyo ile ndogo ya simu. Juu imeandikwa GB 128 kwa rangi ya dhahabu, imekaa ndani ya ganda gumu la plastiki lisilofunguka bila mkasi, na stika inayometameta pembeni. Nilinunua Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya simu na kamera, siku chache kabla ya kuondoka na familia kwenda Oman. Na kabla hamjaanza kunihubiria kuhusu vitu vya bei chee: haikuwa bei chee. Duka la jirani walikuwa nayo ya bei ya chini zaidi, nikaiacha kwa makusudi. Risiti niliomba. Si tunaambiwa kila siku ukinunua dai risiti? Nilidai. Nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa kikaratasi kwa kalamu ya bluu, "memori 1", na tarehe ambayo hata haisomeki.

Mtu akiniuliza sasa hivi naipa nyota ngapi, jibu ni sifuri. Lakini sitaki kuwa mwongo kama kadi yao, kwa hiyo nianze na yaliyokuwa mazuri.

Siku za mwanzo tulikuwa Muscat, na picha za Muscat ninazo zote, safi kabisa. Mutrah asubuhi na mapema, zile nyumba nyeupe zilizojipanga kando ya bahari na milima mikavu nyuma yake. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, ambao kwa mpiga picha wa kujifunza mwenyewe kama mimi ni mtihani: marumaru ni nyeupe mno, kamera inadhani mwanga umezidi, inaipunguza, na weupe wote unageuka kijivu cha simenti. Nikaongeza mwanga kidogo kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, marumaru ikarudi kuwa marumaru. Ndani nilimpiga mama mkwe amesimama chini ya ile taa kubwa ya kuning'inia, mita 14 kwenda juu, yeye mdogo chini yake, ameinua kidevu na mdomo umeachama. Ile nimeichapisha, iko sebuleni, na kila mgeni anaisifia.

Kwa siku zile kadi ilistahili nyota nne. Tuseme tano, maana sikuikumbuka hata mara moja, na kadi ya kamera haina kazi nyingine zaidi ya kutokukumbukwa.

Halafu tukaenda Nizwa.

Nieleze kidogo, ili mjue kilichopotea ni nini. Mama mkwe ni Muunguja. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Mamkubwa, alihamia Oman miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi wakaijenge. Walikwenda wengi kutoka Zanzibar, ndiyo maana hadi leo ukitembea Muscat unaweza kununua kitu dukani, ukauliza njia na ukagombana na mtu, yote kwa Kiswahili. Hawa wawili walikuwa hawajakaa chumba kimoja tangu wakiwa wasichana. Barua, kaseti za sauti, baadaye WhatsApp, basi. Safari ilikuwa hiyo. Hakuna aliyetoa nauli kwenda kuona ngome.

Ingawa ngome tuliiona, na ningependa kuwaonyesha. Ule mnara wa mviringo wa Nizwa aliujenga Imam Sultan bin Seif katika karne ya 17, huyo huyo aliyewatoa Wareno Muscat 1650, na ni mwanawe, Seif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu pale Mombasa 1698. Mume wangu alimhadithia mtoto wetu mkubwa haya yote juu ya mnara, mikono hewani, upepo umemjaa kanzu. Niliipiga. Kijivu. Kabla ya ngome, Ijumaa hiyo asubuhi, tulianzia soko la mbuzi, ambako wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara na wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, wanapiga kelele za bei, mtu anamshika mbuzi anamfungua mdomo kutazama meno. Vumbi, jua la pembeni, vilemba vya kila rangi. Kwa mtu anayependa kamera, pale ni kama kuachiwa jiko la harusi. Nilipiga mpaka kidole kikauma. Kijivu tupu.

Lakini hizo za mbuzi ningezisamehe. Mbuzi wapo kila Ijumaa.

Tulirudi nyumbani kwa Mamkubwa. Wanaume wakaingia majilisi yao, sisi wanawake chumba chetu. Wenyeji kule hawataki mambo ya kupigwapigwa picha wanawake ndani ya nyumba, na ni haki yao, kwa hiyo simu zote zilikaa ndani ya mikoba. Mimi nikaomba ruhusa, nikapewa: wazee wawili tu, na kamera tu, picha zisiende mtandaoni. Nikakaa chini karibu na dirisha, mwanga unaingia kwa upande kupitia pazia.

Ikaletwa halwa, tende na kahawa. Binti wa nyumba anamimina kwenye vikombe vidogo, kahawa nyepesi yenye hiliki. Mama mkwe akinywa, anajaziwa. Akimaliza, anajaziwa. Yeye ana adabu zake za Unguja, hawezi kumkatalia mwenyeji, anakunywa tu huku macho yamemtoka. Ananitazama mimi kama naweza kumwokoa. Utaratibu wa kule ni kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo unapokirudisha, na usipokitikisa maana yake bado unataka. Mamkubwa alikuwa anamtazama muda wote, kanyamaza kimya, anafurahia. Kisha akamdaka mdogo wake kwenye kifundo cha mkono na kukitikisa kwa nguvu, kikombe na bangili na kila kitu, anamwambia, "Tikisa, we! Tikisa, utajazwa mpaka Isha!" Wakaanza kucheka wote wawili, wameegemeana, ushungi wa mama mkwe umeteleza begani, machozi yanawatoka.

Nilizipiga hizo. Mfululizo. Niliziona kwenye kioo cha kamera, kali, mwanga umekaa pale pale nilipoutaka. Sijawahi kupiga picha kama zile na sijui kama nitapiga tena.

Usiku wa mwisho, tumesharudi Muscat, mtoto wa shemeji yangu aliye chuoni akanisaidia kuhamishia picha kwenye laptop. Muscat zikafunguka. Nizwa: faili zipo, zina majina, zina namba, zina ukubwa wake. Ukifungua, kijivu. Moja tu, iliyoangukia mpakani, ilikuwa na utepe mwembamba kwa juu, pembe za mbuzi na kipande cha kilemba, kisha kijivu mpaka chini. Baada ya hapo hakuna kitu.

Kijana akasema, "Anti, subiri kwanza," akaiendesha programu inayoijaza kadi data mpaka ukingo kisha inaisoma tena kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichohifadhiwa. Tulilala ikiendelea. Alfajiri jibu: GB 8. Nane! Kumbe hizi kadi zina kichipu kidogo ndani kinachoiambia kamera nafasi ni kiasi gani, na wahuni wanakipanga kiseme uongo. Kamera inaamini. Ile hesabu ya "picha zilizobaki" unayoisoma juu ya kioo inatoka kwenye uongo huo huo. GB 8 za kweli zikijaa, mimi napiga RAW na JPEG kwa pamoja, yaani kila picha inahifadhiwa mara mbili, faili kubwa ghafi na ndogo iliyobanwa, kwa hiyo ni picha mia mbili na ushee tu, zinazofuata zinaandikwa hewani. Na kioo kinakuonyesha picha nzuri kwa sababu sekunde ile ya kwanza kamera inaisoma kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe, haijairudia kadi.

Niliporudi Dar nilimpelekea fundi wa kurudisha data. Akaitazama, akakataa hata hela yangu. Akasema hakuna cha kurudisha, hakikuwahi kuandikwa. Huyo nyota tano, na hata hajanifanyia kitu.

Sasa dukani.

Nilikwenda na laptop, na majibu ya kipimo, na kikaratasi changu cha kalamu ya bluu. Mwenye duka amekaa kwenye stuli anaangalia mpira kwenye simu, sauti juu. Sikwenda kugombana. Nilitoa salamu, nikaeleza vizuri.

"Feki kivipi, si inasoma?"

Nikasema inasoma 128, ndani zimo nane.

"Dada yangu, kadi imekaa kwenye kamera yako. Mimi nitajuaje umeifanya nini?"

Nikafungua laptop nimwonyeshe. Hakuigeukia. Akaniuliza, macho kwenye mpira, "Kwani ulikuwa na kazi ya harusi? Si picha za kutembea tu hizo? Simu mlikuwa nazo." Nikiwa bado natafuta jibu, akaongeza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shukuru umefika Umangani. Wenzio hata Chalinze hatujavuka." Watu waliokuwa wanachagua kava za simu wakacheka.

Sikiliza. Uniibie, nitakasirika, tutamalizana. Lakini unichekeshee watu kwa ajili ya yule mama aliyeshikwa mkono na dada yake? Picha za kutembea tu!

Kisha akaichukua kadi, akaisugua kwa kidole gumba kana kwamba anaifuta vumbi. Ile namba moja ya dhahabu ikatoka. Ikabaki kwenye kidole chake. Kadi sasa imeandikwa GB 28, na hata hiyo 28 ni uongo. Akajifuta kidole kwenye suruali, akanirudishia kadi yangu, akarudi kwenye mpira wake. "Mali ikishatoka hairudi."

Nilikuwa nimeshafika kwa muuza miwa wakati kijana wa dukani pale, yule anayepanda ngazi kushusha maboksi, aliponikimbilia. Akanipa kadi nyingine, mkononi, kimya kimya. "Anti, samahani kwa yule. Chukua hii, ni nzima." Nilikaribia kulia, sitaficha. Nikamshukuru. Nikamuuliza atajibu nini kwa bosi, akasema niachie mimi. Nyumbani nikaipima usiku kucha kwa programu ile ile. Nzima kweli, nafasi yote ipo, na ina kasi kuliko yoyote niliyowahi kuwa nayo. Naitumia mpaka leo. Kwa hiyo hapa nilitaka kuandika kwamba duka lina sura mbili na nyota zifike tatu.

Lakini kuna neno alilolisema yule kijana nikalipitia juu juu, na nikizidi kulifikiria damu inapanda. Alisema, "Hizi ndizo tunazowapa wapiga picha wa harusi." Wanazijua! Wana boksi mbili. Mtu akiingia wanamtazama: huyu ana kazi, atarudi na fujo, mpe nzima. Huyu ni mama na watoto anakwenda kutembea, mpe ya pembeni, mpaka agundue atakuwa ameshasahau alinunua wapi. Ndiyo maana aliniuliza habari za harusi. Alikuwa anataka kujua kama boksi zilichanganywa.

Mama mkwe ameshaniuliza zaidi ya mara moja zile za kahawa zitachapishwa lini. Mpaka sasa namwambia ziko kwa fundi.

Basi nyota moja, ya kijana. Mwenye duka hana hata robo, na ile Tume ya Ushindani inayokamata bidhaa bandia siku ikipita mitaa ile, mimi kadi yangu ya GB 28 ninayo kwenye droo, ganda lake ninalo, kikaratasi ninacho. Kama pamoja na haya yote bado mnalitaka duka, niulizeni faragha nitawaelekeza, maana kadi nzima kweli wanazo. Nendeni asubuhi bosi hajafika, ingieni mkiongea habari za harusi, na ipimeni pale pale kaunta kabla hamjatoa hata senti.