Miezi minane na mashine ya kuoshea vyombo South B

Tulipoleta nyumbani mashine ya kuoshea vyombo, majirani zetu hapa South B, Nairobi, walishangaa, kwa kuwa katika mtaa huu maji ya mfereji huja kwa zamu na siku nyingine zote tunategemea tangi la paani. Kwa miezi minane nimeona kwamba mashine yenyewe haina ulafi wa maji. Ulafi ulikuwa katika namna tulivyofundishwa kuitumia.

Muuzaji, katika duka ambalo sitalitaja, alitushauri tusuuze kila sahani kwenye mfereji kwanza, kisha tuchague programu kali ya nyuzijoto 70, kwa madai kwamba ile ya Eko, yaani ya kubana matumizi, inachelewa mno. Tulimtii mwezi mzima, na tokeni za umeme zikawa zinatuishia mapema. Niliposoma kijitabu cha maelekezo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu kubwa ya umeme wa mashine hizi hutumika kupasha maji moto, na kwamba Eko huosha kwa nyuzijoto 50 hivi na kufidia joto hilo dogo kwa kurefusha muda, ambao kwa mashine yetu ni saa tatu na dakika arobaini. Kwa mita yetu, Eko hula chini ya yuniti moja, ilhali programu kali ilikaribia yuniti moja na nusu. Maji ni lita 10 kwa seti 13 za vyombo, yaani nusu ya mtungi wa lita 20, na sijawahi kuona mtungi mzima ukitosha kuosha kwa mkono vyombo vya watu sita vya siku nzima.

Kusuuza tumeacha. Tunakwangua makombo tu, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo katika vidonge vya sabuni huyeyusha wanga na protini vyenyewe. Tunasubiri pia mashine ijae, jambo ambalo lina adhabu yake: sahani za omena zilizofungiwa humo tangu mchana hujitangaza hadi sebuleni.

Saa ya kuanza tunaitega iwe baada ya saa nne usiku. Bei ya yuniti kwetu wa majumbani haibadiliki kwa saa, lakini jioni, watu wanapopika na kuwasha taa kwa pamoja, umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na ule wa mabwawa huhitaji kusaidiwa na mitambo ya mafuta, nasi hatuna haja ya kuongeza mzigo huo kwa ajili ya vikombe. Asubuhi vyombo vya plastiki bado vina matone, na hivyo tunavipangusa kwa kitambaa.

Mnunuzi wa ghorofa ya juu kabisa, kama sisi, aulize habari za presha kabla ya kulipa. Tangi letu liko karibu mno na dari, mashine ikakataa kujaza maji mpaka tulipofunga pampu ndogo, gharama ambayo muuzaji hakuigusia hata kidogo.

Kwa familia kubwa inayokula nyumbani ningeinunua tena. Kwa watu wawili wa chumba kimoja, beseni mbili zinatosha. Hata hivyo asidhani mtu kwamba sinki litapumzika. Sufuria za alumini hubadilika rangi na kuwa nyeusi zikioshwa humo, mwiko wa mbao hupasuka, na ukoko wa ugali bado tunauloweka usiku kucha kama zamani.